Kuvu majumbani: Kwa nini kuifuta ukutani hakutoshi

Kila msimu wa mvua unapoingia katika pwani ya kusini mwa Somalia, kuanzia mji wa Kismayo hadi visiwa vya Wabajuni vya Koyama, Chovai, Chula na Kudhaa, madoa meusi na ya kijani hujitokeza katika pembe za vyumba, nyuma ya makabati na chini ya magodoro. Wengi huyachukulia kuwa uchafu wa kawaida. Huyapangusa kwa kitambaa au huyafunika kwa rangi, na baada ya wiki chache yakarudi palepale.

Madoa hayo ni kuvu, ambayo wengine huiita ukungu au koga, na athari yake haiishii kwenye sura ya nyumba. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipotoa mwongozo wake kuhusu unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009, lilieleza kwamba watu wanaoishi katika majengo yenye unyevu au kuvu wanaweza kuwa na hatari kubwa zaidi, hadi kwa asilimia 75, ya kupata pumu na matatizo mengine ya kupumua.

Jambo la msingi la kuelewa ni hili: kuvu haiwezi kuota pasipo maji. Anayeanza na doa la ukutani kabla ya kutafuta maji yanakotoka atalifuta doa hilo kila mwaka. Makala hii inaeleza maji hayo huingiaje katika nyumba za pwani, kuvu humdhuru nani zaidi, na hatua zipi zinaweza kuchukuliwa hata mahali ambapo duka la vifaa na hospitali viko mbali.

Kuvu ni nini?

Kuvu ni viumbe hai vya jamii moja na uyoga na hamira. Huzaana kwa kutawanya vijimbegu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huelea hewani na kutua popote. Vijimbegu vya aina moja iliyoenea sana duniani, Aspergillus fumigatus, vina upana wa takriban sehemu mbili hadi tatu za elfu moja ya milimita. Kwa udogo huo, vinaweza kupita puani na kooni bila kunaswa, vikafika ndani kabisa ya mapafu.

Hakuna nyumba isiyokuwa na vijimbegu hivi, iwe jumba la ghorofa au kibanda cha makuti. Kinachozitofautisha nyumba ni unyevu. Chakula cha kuvu hakikosekani: mbao, fito, makuti, karatasi, mikeka, nguo, ngozi, pamba ya godoro, hata vumbi lililoganda ukutani. Kinachosubiriwa ni maji tu. Kitu kikilowa na kubaki kimelowa kwa saa 24 hadi 48, kuvu inaweza kuanza kuota. Ndiyo maana wataalamu wa afya ya makazi huhimiza kila kilicholowa kikaushwe kabla ya siku mbili kupita.

Maji huingia vipi katika nyumba za pwani?

Njia ya kwanza ni hewa yenyewe. Katika ukanda huu hewa hubeba unyevu mwingi karibu mwaka mzima. Chumba kisichopitisha upepo hubaki na unyevu huo, na wakazi wenyewe huuongeza kwa kupumua, kupika, kuoga na kuanika nguo ndani. Familia moja inaweza kuongeza lita kadhaa za maji hewani kila siku bila kutambua.

Njia ya pili ni chumvi, na hii ni ya watu wa visiwani hasa. Kila mpishi wa pwani amewahi kuona kibakuli cha chumvi kilichoachwa wazi kikilowa chenyewe wakati wa masika. Chumvi huanza kunyonya maji kutoka hewani pale unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 75. Ukuta uliojengwa kwa mchanga wa ufukweni usiosafishwa, au uliochanganyiwa maji ya bahari au ya kisima cha chumvichumvi, hufanya kama kibakuli hicho. Huonekana ukitoa jasho hata siku ambayo mvua haikunyesha, lipu yake humomonyoka, na kuvu hupata pa kuota.

Njia ya tatu ni ardhi. Ukuta usio na msingi uliozuiwa maji hunyonya unyevu kutoka chini, kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Dalili yake ni mstari wa unyevu unaopanda kutoka sakafuni, mara nyingi ukiwa na ungaunga mweupe wa chumvi juu yake.

Njia ya nne ni paa. Makuti yaliyochakaa huvuja, lakini yakiwa mazima hupitisha hewa na hayapati baridi haraka. Bati huzuia mvua vizuri zaidi, ila usiku hupoa upesi. Hewa yenye unyevu iliyo chini yake ikigusa bati baridi hugeuka matone, na matone hayo hudondokea dari, vitanda na nguo. Mwenye nyumba hudhani bati limetoboka, kumbe tatizo ni hewa isiyokuwa na pa kutokea.

Ujenzi wa zamani na wa sasa

Mafundi wa zamani wa pwani ya Waswahili walijenga kwa mawe ya matumbawe, wakayaunganisha kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, wakaezeka juu ya boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kidogo wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua. Chokaa mbichi pia ni kali kwa kuvu: hali yake ya kemikali haiiruhusu kuota kwa urahisi. Nguvu hiyo hupungua kadiri chokaa inavyozeeka, na hapo ndipo ilipo faida ya desturi ya kupaka nyumba chokaa upya mara kwa mara.

Tatizo hutokea pale ukuta wa zamani unapofunikwa kwa lipu ya saruji au rangi ya mafuta. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yaliyomo ndani ya ukuta hukosa njia ya kutoka nje, hujikusanya, na mwishowe hutokea upande wa chumbani. Wahifadhi wa majengo katika miji ya kale ya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambayo yote imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, wamekuwa wakipinga matumizi ya saruji juu ya kuta za matumbawe na chokaa kwa sababu hiyo.

Kwa Wabajuni kuna jambo jingine. Tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka na serikali kuu ya Somalia kuanguka mwaka 1991, familia nyingi zilivikimbia visiwa hivi na kwenda Kenya na kwingineko. Nyumba iliyofungwa kwa miezi au miaka, wenyewe wakiwa Kismayo, Lamu au Mombasa, haipati upepo wala jua ndani. Familia inaporejea hukuta mbao, mikeka na matandiko yameshikwa na kuvu. Watoto hawapaswi kulazwa humo kabla nyumba haijafunguliwa, kukaushwa na kusafishwa.

Madhara kwa afya

Kuvu humdhuru binadamu kwa njia kuu mbili: mzio na maambukizi.

Mzio ndio unaoonekana zaidi. Dalili zake ni kupiga chafya, mafua yasiyokwisha, macho kuwasha na kutoa machozi, kikohozi kikavu na ngozi kuwasha. Kwa mwenye pumu, kuvu inaweza kuamsha shambulio: kifua hubana, pumzi hutoka kwa mlio, na usingizi hukatika usiku. WHO inakadiria kwamba pumu iliwapata watu milioni 262 duniani mwaka 2019 na kusababisha vifo 455,000. Vingi ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa huchelewa kutambuliwa na dawa za kuvuta hazipatikani kwa urahisi.

Maambukizi ni nadra zaidi, lakini ni mazito. Kuvu huota ndani ya mwili wenyewe, hasa kwenye mapafu ya mtu mwenye kinga dhaifu, au kwenye mapafu yaliyokwisha kuharibiwa na ugonjwa mwingine. Oktoba 2022 WHO ilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu zinazotishia zaidi afya ya binadamu. Orodha hiyo ina aina 19, na Aspergillus fumigatus, ambayo huota pia majumbani, imewekwa katika kundi la juu kabisa la hatari.

Waliowahi kuugua kifua kikuu wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Ugonjwa huo ukishapona unaweza kuacha mashimo kwenye mapafu, na kuvu ikapata makazi ndani ya mashimo hayo. Mgonjwa hukohoa kwa miezi, hupungua uzito, huchoka na wakati mwingine hutema damu. Dalili hizo ni kama za kifua kikuu chenyewe, hivyo baadhi hurudishwa kwenye dawa za kifua kikuu ingawa vipimo havionyeshi vimelea vyake. Utafiti uliofanywa Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019 ulithibitisha kuwa tatizo hilo lipo miongoni mwa watu waliotibiwa kifua kikuu katika ukanda wetu.

Walio katika hatari kubwa zaidi ni:

- watoto wachanga na wadogo, ambao mapafu yao bado yanakua;
- wazee;
- wenye pumu au magonjwa mengine ya mapafu;
- waliowahi kuugua kifua kikuu;
- wenye virusi vya UKIMWI, saratani au wanaotumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili.

Wengi huiogopa kuvu nyeusi na kuidharau ya kijani au nyeupe. Rangi haitoshi kupima hatari. Kuvu ya rangi yoyote inaweza kuleta mzio, na hakuna haja ya kuipeleka maabara kabla ya kuchukua hatua. Ikionekana au ikinukia, iondolewe.

Kifo kilichobadili sheria England

Baadhi ya Wabajuni waliokimbia vita sasa wanaishi Uingereza, katika vyumba vya kupanga, kwenye hali ya hewa ambayo wazazi wao hawakuizoea. Huko ndiko lilikotokea tukio lililoonyesha kwa uchungu gharama ya kuipuuza kuvu.

Desemba 2020, mtoto Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan, alifariki dunia katika mji wa Rochdale, kaskazini mwa England, siku chache baada ya kutimiza umri wa miaka miwili. Baba yake alikuwa ameripoti kuvu katika nyumba yao tangu mwaka 2017, naye akaambiwa aipake rangi. Novemba 2022, afisa anayechunguza vifo alihitimisha kwamba mtoto huyo alikufa kwa maradhi makali ya mfumo wa kupumua yaliyotokana na kukaa muda mrefu katika nyumba yenye kuvu.

Kifo hicho kilizaa kile kinachojulikana kama Sheria ya Awaab, iliyotokana na sheria ya makazi ya kijamii ya mwaka 2023. Tangu tarehe 27 Oktoba 2025, wamiliki wa nyumba za kijamii nchini England wanatakiwa kushughulikia hatari za dharura ndani ya saa 24. Kwa unyevu na kuvu vinavyohatarisha afya, wanapaswa kuchunguza ndani ya siku 10 za kazi, na kuifanya nyumba iwe salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi.

Funzo lake linamhusu mpangaji popote alipo, awe Rochdale, Mombasa au Kismayo. Mpangaji na aripoti kuvu mapema, aweke picha zenye tarehe, na aombe chanzo cha maji kitafutwe badala ya kukubali rangi mpya juu ya ukuta uliolowa. Kwa wanaoishi kwenye nchi za baridi, chanzo mara nyingi ni mvuke wa ndani unaogusa ukuta au kioo cha dirisha kilichopoa. Kufungua dirisha baada ya kuoga, kufunika sufuria wakati wa kupika, kutoanika nguo chumbani na kuacha nafasi kati ya kabati na ukuta wa nje husaidia. Hata hivyo, bomba linalovuja na ukuta uliopasuka ni jukumu la mwenye nyumba, na mtindo wa maisha wa mpangaji usigeuzwe kisingizio.

Hatua ya kwanza: zuia maji

Kabla ya kushika brashi, tafuta unyevu unakotoka. Doa likiwa juu, kagua paa na dari. Likiwa chini, kagua msingi na maji yanayotuama karibu na ukuta. Likiwa nyuma ya kabati au chini ya godoro, tatizo kwa kawaida ni hewa isiyopita.

Baada ya kukijua chanzo, marekebisho mengi hayahitaji fedha nyingi:

- Badilisha makuti yaliyooza na ziba matundu ya bati kabla ya masika, si katikati yake.
- Chimba mfereji mdogo wa kuyaongoza maji ya mvua mbali na ukuta.
- Acha matundu ya hewa chini ya paa, upande wa kusi na upande wa kaskazi, ili upepo wa msimu wowote uingie upande mmoja na kutokea mwingine.
- Fungua milango na madirisha kuanzia adhuhuri hadi alasiri, wakati jua limekwishapunguza unyevu wa hewa. Hewa ya alfajiri ndiyo yenye unyevu mwingi zaidi.
- Nyanyua magodoro kutoka sakafuni, na usogeze makabati mbali na ukuta angalau kwa upana wa kiganja.
- Pika, fua na anika nje inapowezekana.
- Ukuta wa matumbawe urekebishwe kwa chokaa badala ya saruji. Ukijenga upya, tumia mchanga usio na chumvi na maji matamu.

Namna ya kusafisha kwa usalama

Doa lisilozidi mita moja ya mraba linaweza kusafishwa na mtu mzima mwenye afya njema. Watoto, wajawazito, wenye pumu na wenye kinga dhaifu wasifanye kazi hiyo wala wasiwepo chumbani wakati inafanyika. Kuvu ikiwa imeenea ukuta mzima au dari yote, ni bora kumtumia fundi aliye na vifaa vya kujikinga.

1. Fungua milango na madirisha. Vaa glavu, funika macho kwa miwani, na vaa barakoa ya kuzuia chembechembe, aina ya N95. Kitambaa cha kawaida hakizuii vijimbegu.

2. Lowesha doa kwanza kwa maji ya sabuni. Kuvu kavu ikisuguliwa hurusha vijimbegu vingi hewani, na pasipo barakoa ya kufaa hatua hii ina umuhimu mkubwa zaidi.

3. Sugua kwa brashi na maji ya sabuni hadi doa litoke. Shabaha ni kuiondoa kuvu, si kuiua tu, kwa sababu hata kuvu iliyokufa huleta mzio.

4. Kwenye vigae, vioo, bati au sakafu ngumu, unaweza kupangusa tena kwa dawa ya kupaushia nguo, maarufu kama jiki, isiyozidi kikombe kimoja katika takriban lita 4 za maji. Dawa hiyo haifai sana kwa mbao na kuta za udongo, kwani haifiki ndani.

5. Kausha kabisa. Ukuta ukiwa mkavu ndipo upakwe chokaa. Linda macho na ngozi, kwa kuwa chokaa mbichi huunguza.

6. Vitambaa na matandiko yaoshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha yaanikwe juani hadi yakauke sawasawa. Godoro, mto au jamvi vilivyopenywa na kuvu hadi ndani vitupwe, ingawa ni hasara. Jua huua kuvu ya juu tu.

Mambo matatu ni ya hatari. Usichanganye dawa ya kupaushia na siki wala na dawa nyingine ya usafi, hasa yenye amonia, maana mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayoweza kuharibu mapafu papo hapo. Usipake rangi juu ya kuvu. Itaota chini yake na kuibambatua. Na usiingize jiko la makaa katika chumba kilichofungwa kwa nia ya kukikausha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima inaweza kufa usingizini.

Baada ya mafuriko

Mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka 2023 ziliwaondoa zaidi ya watu milioni moja katika makazi yao nchini Somalia, bonde la mto Juba likiwa miongoni mwa maeneo yaliyopigwa vibaya. Maji ya mafuriko yanapokauka, kuvu ndiyo hufuata.

Anayerejea katika nyumba iliyofurika atoe nje kila kilicholowa siku hiyohiyo, asafishe matope, na aache kuta zipate hewa kabla ya kuweka lipu mpya. Kwa wanaoishi chini ya maturubali, unyevu wa pumzi hujikusanya ndani na kudondoka usiku. Kuacha mwanya juu pande mbili, kuinua sehemu ya kulala kwa uchaga wa fito, na kuanika matandiko nje kila siku jua linapotoka hupunguza athari kwa kiasi kikubwa.

Usisahau ghala la chakula

Unyevu uleule unaoharibu ukuta huharibu pia nafaka, na hapa hatari ni ya aina nyingine. Baadhi ya kuvu zinazoota kwenye mahindi na karanga hutengeneza sumukuvu, sumu inayoharibu ini na ambayo imethibitishwa kusababisha saratani. Upishi wa kawaida hauiondoi.

Mwaka 2004 nchini Kenya, katika wilaya zikiwemo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, mengi yakiwa yamehifadhiwa majumbani kabla ya kukauka vizuri.

Kisiwani, ambako unga, mahindi na maharagwe huletwa kwa mashua na huweza kurushiwa maji ya bahari njiani, gunia likifika lifunguliwe na kukaguliwa. Nafaka iliyolowa ianikwe mara moja, na magunia yawekwe juu ya uchaga, mbali na ukuta. Mahindi au karanga zilizoota kuvu, kubadilika rangi au kunuka zisioshwe na kupikwa, wala wasipewe kuku na mbuzi. Ng'onda na papa mkavu wenye kuvu nao watupwe.

Wakati wa kumwona mhudumu wa afya

Kikohozi kilichozidi wiki mbili, kutema damu, kupungua uzito au homa za usiku zinahitaji uchunguzi, hata kama nyumba ina kuvu inayoonekana kuwa sababu. Kifua kikuu kinapaswa kupimwa kwanza. Aliyekwisha kutibiwa kifua kikuu na sasa anakohoa tena, huku vipimo vikiwa safi, aulize juu ya maambukizi ya kuvu kwenye mapafu. Zipo dawa za kuyatibu.

Mueleze mhudumu hali ya nyumba: kuna doa wapi, tangu lini, na kama mgonjwa hupata nafuu akilala kwingine. Mtu anayepumua vizuri akiwa safarini na kubanwa kifua kila arudipo nyumbani anatoa dalili muhimu, nayo isipotajwa haiwezi kujulikana zahanati.

Mtoto anayepumua kwa kasi, ambaye mbavu zake zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, anayeshindwa kunyonya au kuzungumza, au ambaye midomo yake inageuka rangi ya samawati, yuko katika dharura. Mkazi wa Kudhaa au wa kisiwa kingine ambaye hospitali kwake ni safari ya mashua hadi Kismayo asisubiri hadi hali ifike hapo. Mtoto akianza kubanwa kifua mchana, mashua itafutwe mchana huohuo, kabla upepo na giza havijafunga njia.